Feni Niliyoinyamazisha

Mliniacha wiki iliyopita nikiwa na furaha, na baadhi yenu mliniandikia kunipongeza. Pongezi zenu zichukueni. Furaha yangu haijawahi kumaliza wiki mbili bila kuja kudai malipo.

Kwa aliyeliokota gazeti leo, mimi ni Sele, fundi wa kompyuta, mwenye kibanda ghorofani juu ya duka la mbegu hapa Thika. Nililelewa Makongeni na Bi Amida, mshona nguo, aliyenipokea nikiwa mtoto wa siku mbili nimeviringishwa katika leso. Aliyenizaa simjui, na baba ndiyo kabisa. Nina mchumba, Wamboi, mwalimu wa nasari kule Ruiru. Mamake, Mama Waruguru, mama wa kanisa hasa, alikuwa amekubali hatimaye nimwoe bintiye, mimi Mwislamu. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita.

Leo nawaeleza jinsi nilivyoliharibu jambo hilo. Sikuliharibu kwa pombe wala kwa mwanamke wa pembeni, kama wengine wenu mlivyonidhania. Niliharibu kwa feni isiyotosha kujaza kiganja cha mtoto.

Mama Waruguru alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, Ngoliba na vijiji vya ukame vinavyoizunguka. Kila mtoto aliyemshika, alimwandika kwenye daftari: tarehe, jina la mama, jina la baba, mtoto alikwenda na nani. Mtu aliyetaka cheti cha kuzaliwa na hakujua alizaliwa lini, aliambiwa aende Ruiru kwa Mama Waruguru. Naye ana sharti moja ambalo halijawahi kuvunjika. Hasemi kuzaliwa kwa mtu kwa kukumbuka. Hata umlilie, atafungua daftari kwanza.

"Nikisema ya kukumbuka, nimedanganya," husema. "Iliyoandikwa ndiyo nasema."

Basi mchwa wakaingia kwenye sanduku la madaftari. Wamboi akasema yachapwe kwenye kompyuta kabla hayajawa unga. Nani ataunda kompyuta? Nikajitokeza mbele kama mtu aliyeitwa jina.

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza mnaijua, ni Wamboi. Ya pili ni kwamba Bi Amida aliwahi kuteleza ulimi akasema nililetwa kutoka Ngoliba. Kama ni kweli, nami nilikuwa ndani ya sanduku lile, na jina la mama yangu pia.

Nilianza kuiunda Jumatatu. Mwas, mwenzangu wa kibandani, alikuwa akinitazama huku akila mihogo.

"Unamwekea prosesa gani?"

"Pentium. Mia moja thelathini na tatu."

"Ya kuandika majina ya watoto? Si umpatie ile kuukuu ya 486 imelala hapo chini."

"Ni mama mkwe, Mwas."

"Ah. Basi weka mia mbili."

Tukacheka. Nataka mjue kwamba nilianza kwa nia njema, maana mbele huko hamtaamini. Bodi nilinunua mpya. Kumbukumbu niliweka vipande viwili, vya chapa moja, visije vikagombana. Diski nilichagua mpya kabisa ingawa zilikuwapo kuukuu nzuri, kwa sababu diski ndimo watoto wale wangelala.

Nilipobana pesa ni kwenye kasha. Lilitoka katika ofisi moja iliyofungwa, jeupe, safi, na ndani yake mlikuwa na pawa saplai yake, ile ya kugawa umeme. Feni ya nyuma ilizunguka kwa uzito wa mtu aliyekula ugali mwingi. Juu ya prosesa nikaweka bamba kubwa la alumini lenye mapezi ya kutoa joto, na juu ya bamba nikabana feni ndogo ya kupuliza.

"Hiyo ndogo inalia," Mwas akasema.

"Inalia lakini inapuliza."

"Na diski mbona umeiweka huko juu? Hapo na pawa saplai ni kama jikoni."

"Waya ni mfupi. Halafu feni iko."

Kila alichokosoa nilimjibu hivyo hivyo, feni iko. Nilikuwa nimejenga nyumba nzima juu ya nguzo moja, na nguzo yenyewe ilikuwa ikilia.

Sebule ya Mama Waruguru mnaijua bila kuingia, maana ni ya mama zenu. Kila kiti kina vitambaa vitatu vya kufuma, televisheni ina chake, redio ina chake, hata thermos ya chai haikai uchi. Nikaipanga kompyuta juu ya meza, nikaiwasha. Wamboi akapiga makofi. Mama Waruguru akakaa, akachapa jina la kwanza kwa kidole kimoja, akasimama.

"Sele."

"Naam, Mama."

"Hii kitu inaumwa?"

"Hapana, Mama. Ni feni ya ndani. Inapoza."

"Inaguna." Akainamisha kichwa, akasikiliza tena. "Miaka thelathini na moja nimesikia wanawake wakiguna hivyo. Siwezi kuandika watoto nikisikia mama zao. Inyamazishe."

"Mama, bila hiyo feni..."

Wamboi akanikata jicho. Lilisema: usibishane naye, sio leo.

Nikafungua kasha. Feni ndogo ina plagi ndogo, unaichomoa kwa vidole viwili. Nikaichomoa, nikauficha waya nyuma ya mapezi asiuone mtu, nikafunga. Kukawa kimya.

"Sasa hiyo ni mashine," Mama akasema, akaniongezea kipande cha nduma ya kuchemsha kwenye sahani.

Nilijiambia bamba ni kubwa na chumba kina hewa, itastahimili. Nilijiambia mwisho wa wiki nitapata feni ya kimya kutoka Nairobi. Wiki ikaisha. Nyingine ikaisha. Kila nilipokwenda nilipewa nduma, nikala, nikanyamaza pamoja na feni yangu. Na kisomea disketi nacho, kile cha kuwekea nakala ya akiba, kilikuwa kuukuu, kikazikataa disketi zote. Nikasema hicho pia nitabadilisha. Watu wa ahadi tunajuana.

Yeye kazi yake ilikwenda. Akimaliza daftari moja, alilipeleka nyuma ya nyumba akalichoma na mchwa wake, wasije wakapanda kwenye mbao za dari. Nilijaribu kumzuia.

"Mama, tungengoja kwanza tupate nakala nyingine."

"Mchwa hangoji," akasema, akachochea moto.

Siku moja nikajikaza nikamuuliza. "Mama, mwaka wa sabini na moja umeufikia?"

"Wako?"

"Bi Amida anasema ni Machi."

"Amida," akarudia. "Huyo ndiye mama aliyekulea?"

"Ndiye."

"Nitaufikia. Mtoto huja siku yake."

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya wazazi kuonana. Bi Amida alivaa buibui lake la Idi. Tuliingia sebuleni, Mama Waruguru akatoka jikoni na birika mkononi, na wale wanawake wawili wakatazamana.

Sijui nieleze vipi. Hawakushtuka. Mtu hushtuka kwa jambo asilolitarajia. Hawa walitazamana kama watu waliofikiwa na siku waliyokuwa wakiikwepa.

"Karibu," Mama Waruguru akasema.

"Nimekaribia," Bi Amida akajibu.

Hakunywa chai. Alikaa robo saa, akasema alasiri imeingia na anataka kuswali kwake. Alasiri ilikuwa mbali, karibu saa nzima. Tulipofika Makongeni alihangaika na ufunguo wa mlango mpaka nikamchukulia.

"Bi, mnajuana na yule mama?"

"Thika na Ruiru ni mji mmoja. Nani hamjui nani?"

"Mbona hukunywa chai?"

"Ilikuwa moto."

Nikasema ni dini. Mjinga ana jibu la kila kitu, na langu siku zile lilikuwa dini. Nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake Wamboi akanipigia simu kibandani. Mama ameihamisha kompyuta. Imetoka sebuleni, iko chumbani kwake cha kulala.

"Kwa nini?"

"Ati wezi."

"Na mwaka wangu? Ameufikia?"

"Ameuandika. Daftari ameshachoma. Nimemuuliza, akasema utaambiwa."

Sasa wasomaji wa kwingine niwaeleze. Huku kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Si sheria ya kuandikwa ukutani, lakini hakuna asiyeijua. Wakikuyu wanaye muthoni, mkwe, na muthoni hukaa kwenye ncha ya kiti, hazungumzi ovyo, na kile chumba hata akikiona kinawaka moto atapiga kelele akiwa nje dirishani. Mimi nimekulia Makongeni kati ya majirani hao. Sikuhitaji kufundishwa.

Kwa hiyo mashine niliyoiunda kwa mikono yangu, nikaiacha na ugonjwa niliousababisha mwenyewe, ilikuwa imewekwa mahali pekee nisipoweza kutia mguu. Nami nikaamini ni wezi.

Siku ya tatu Wamboi akapiga tena, sauti yake ina raha.

"Sele, Mami amemaliza kufuma. Ameifanyia kitambaa kikubwa, nyeupe na kijani. Imefunika yote mpaka nyuma."

"Hata nyuma?"

"Nyuma ndiyo zaidi. Anasema hapo ndipo vumbi huingilia."

"Akimaliza kazi huizima?"

"Haizimi. Si wewe ulimwambia ikizimwa ikiwa moto inaweza kukataa kuwaka?"

Nilisema. Nilisema siku moja mchana nikijigamba, ili aone fundi wake anajua mambo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Nenda uweke mkono juu yake," nikamwambia Wamboi. "Nangoja."

Nikasikia ndara zake zikienda, kisha zikirudi.

"Ni kama sufuria ya uji."

"Toa hicho kitambaa."

"Nimetoa, amerudisha. Sele, amekifuma wiki tatu. Anasema ni cha harusi yetu. Mwambie wewe."

Nimwambie nini? Niseme, Mama, kazi ya mikono yako inaiua mashine? Angeniuliza mbona televisheni ina kitambaa chake mwaka wa kumi na haijafa. Ingenibidi niseme kuhusu feni. Ingenibidi niseme nilichomoa, nikaficha waya, nikala nduma, na kwamba watoto wake wote aliowapokea miaka thelathini na mmoja wako humo tu, hawana nakala, kwa sababu ya kisomea disketi kibovu nilichomtilia. Niliona aibu. Hilo ndilo neno lake, msinitafutie jingine.

Nikamtuma Mwas. Mwas si mkwe wa mtu, angeweza kuingia. Nikampa feni mpya, ile ya kimya niliyokuwa nimeipata hatimaye, nikamwambia afanye haraka. Alirudi nayo mkononi.

"Amenipa chai na mandazi, akanisindikiza mpaka gate. Kuingia chumbani? Zii, alikataa."

"Alisema nini?"

"Alisema fundi ni yule aliyeiunda. Halafu akaniuliza uko na miaka ngapi."

"Ukamwambia?"

"Ishirini na saba. Akauliza kama uko na alama hapa chini ya sikio. Nikasema iko, kama punje ya mahindi." Mwas aliweka feni juu ya meza na hakutania, jambo ambalo si la kawaida yake. "Sele, huyo mama alilia. Mbele yangu. Nilimaliza mandazi nikiona aibu."

Siku mbili baadaye, Ijumaa, nilimwendea Bi Amida baada ya swala ya adhuhuri. Alikuwa kwenye cherehani.

"Bi, nani alinileta kwako?"

Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. "Nilikwambia. Mamako alikufa."

"Sikuuliza kuhusu mama. Nauliza aliyenileta. Aliyenibeba kutoka Ngoliba mpaka mlangoni kwako."

"Niliapishwa, Sele."

"Na nani?"

"Na huyo huyo aliyekubeba." Akauma uzi kwa meno. "Alikuwa msichana tu, ameolewa juzi. Alisimama pale mlangoni akaniambia: mchukue, mimi nikimpeleka nyumbani kwangu nitamchukia. Usiniulize tena. Muulize yeye."

Sikuuliza tena. Nilikuwa na jina tayari mdomoni, ila niliogopa kulitamka nikalisikia. Nikajiambia, sawa, mkunga alimbeba mtoto wa marehemu akampeleka kwa mwenye moyo wa kulea, kuna ubaya gani? Ni wema huo. Lakini lile neno la kuchukia halikutaka kukaa mahali nilipoliweka.

Jumamosi adhuhuri simu ikalia kibandani.

"Sele, njoo." Wamboi alikuwa akinong'ona. "Mami anasema uje na vifaa vyako. Kuna harufu."

"Harufu ya nini?"

"Plastiki. Na screen inazimika inarudi, inazimika inarudi."

"Izimeni."

"Amekataa. Anasema ikizima na isiwake, hatakuwa na la kukuambia."

Nilitia feni mfukoni, bisibisi mkononi, nikatoka bila kufunga kibanda.

Nilipofika Ruiru, Wamboi alinifungulia akiwa amejitanda leso ya jikoni, macho mekundu. Sebule ilikuwa ile ile na vitambaa vyake, ila ukutani juu ya redio palikuwa na mraba mweupe, pale ambapo siku zote ilining'inia picha ya marehemu babake, Mzee Kang'ethe. Wamboi alizoea kunitania kwamba mimi na babake tuna paji moja la uso, ndiyo sababu alinipenda. Tulikuwa tukicheka sana jambo hilo.

"Picha iko wapi?" nikauliza.

"Mami ameitoa asubuhi. Hasemi kwa nini."

Mama Waruguru alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameshika pazia. Harufu ilikuwa ikitoka nyuma yake. Fundi yeyote anaijua harufu hiyo, ya pawa saplai inayoanza kujipika.

"Shikamoo, Mama."

Alinitazama chini ya sikio, penye alama.

"Mama, tafadhali itolewe niifanyie kazi hapa sebuleni."

"Waya wa umeme haufiki."

"Basi izimwe, Wamboi aibebe."

"Ikizimwa itawaka tena?"

Nikanyamaza. Fundi akinyamaza, mwenye mashine ameshajibiwa.

"Ndio maana sijaizima," akasema. "Sele, kuna kitu kimeandikwa humu ndani. Sitakisema kwa mdomo. Unanijua."

"Nakujua, Mama."

"Mtu akija kwangu simwambii ya kukumbuka. Sijawahi, na sitaanzia kwako. Nikikosea jina la baba ya mtu, nimeua. Utasoma mwenyewe."

"Wamboi anaweza kunisomea. Mimi ningoje hapa."

"Wamboi asisome." Ndipo sauti yake ilipopasuka. "Nilikiandika mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja. Nilishika mtoto wa mwanamke mwingine, na huyo mwanamke alikuwa anakwisha, damu haikatiki. Nikamuuliza baba ya mtoto ni nani. Ni kazi, lazima uulize. Akanijibu. Nikaandika vile alivyonijibu, kila herufi, halafu nikamfunga macho. Mara ya pili ni mwezi huu."

"Mami," Wamboi akasema polepole, "alimtaja nani?"

"Nimesema sisemi. Imeandikwa."

"Mami, kwa nini umetoa picha ya Baba?"

Bado nilikuwa nikitafuta mlango wa kutokea, na mlango pekee niliouona ulikuwa mila.

"Mama, mimi siwezi kuingia hapo," nikasema. "Nitakuwa nimekukosea heshima. Mimi ni mkwe."

Akalivuta pazia kwa mkono wake mwenyewe, akalishikilia pembeni. Nikakiona kitanda, nikaona meza, nikaona kitambaa cheupe na kijani kimeifunika mashine yangu kama mtoto aliyelazwa.

"Mkwe haingii," akasema. "Wewe ingia."

Wamboi alielewa kabla yangu. Alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia, akateleza nao mpaka chini, akakaa pale sakafuni na leso yake ya jikoni mdomoni. Heri angelia kwa nguvu.

Nami nikaelewa kwamba jina lililoandikwa mle lilikuwa la mwenye picha. Nikaelewa na habari ya wezi pia. Aliiweka mashine chumbani kwa sababu ndimo nisimoweza kuingia maadamu ni mchumba wa bintiye, akakaa na siri ile siku zote hizo akifuma kitambaa cha harusi, akitafuta namna. Hakupata.

Moshi mwembamba ulikuwa umeanza kupenya kwenye matundu ya ufumaji. Kioo cha kompyuta, ambacho kitambaa hakikukifunika, kiliwaka, kikafifia, kikawaka. Kutoka mlangoni niliona mistari ya majina, wala sikuweza kusoma hata moja. Hatua nne zilitosha kunifikisha. Kung'oa kitambaa, kufungua ubavu wa kasha, kupachika feni na kuiacha ipulize, dakika moja, na huenda diski ingepona. Ndani yake mlikuwa na watu waliozaliwa kwa miaka thelathini na mmoja, wengine wazee wa kesho watakaohitaji karatasi ile ili waitwe watu. Mwanamke aliyekwisha damu akitaja jina la mwanamume, naye alikuwamo. Mama yangu. Nilikuwa nimemtafuta maisha yangu yote.

"Sele," Mama Waruguru akasema, "unangoja nini? Inaungua."

Nikamwambia naogopa kuvunja mila.

Nilidanganya. Mila alikuwa ameshaivunja yeye, kwa mkono wake, mbele ya bintiye. Nawaambia nyinyi ambalo sijamwambia imamu wala Bi Amida. Nilisimama kwenye kizingiti kile, bisibisi mkononi, feni mfukoni, nikimtazama Wamboi pale sakafuni, na kichwani mwangu kulikuwa na hesabu moja tu. Daftari lilikuwa jivu. Bi Amida alikuwa ameapishwa. Na mkunga huyu hasemi lisiloandikwa.

Nilikuwa nangoja iungue.